Mtaji wa pwani, ng'ombe wa Uha: hasara ilikuwa ya nani?

Wasomaji wangu, leo tuzungumze pesa. Siku hizi vijana wetu wengi wanatamani kuingia kwenye kampuni zinazotoa mitaji kwa biashara changa, zile ambazo hazikukopeshi bali zinanunua sehemu ya biashara yako na kusubiri ikue. Kijana akiingia huko anajazwa majina ya California mpaka kichwa kinauma. Mimi nasema kazi hii, au ndugu yake wa karibu, ilikuwepo kwetu zamani, na njia yake ilipita Uha, katika nchi ambayo leo tunaiita Kasulu na majirani zake. Tukiisoma vizuri, itatusaidia kuliko hadithi za mbali.

Tuanzie Unguja. Taria Topan alizaliwa Kutch, India, akafika Unguja bado mtoto katika karne ya 19. Hakuja na mali. Aliajiriwa katika nyumba ya Jairam Shivji, tajiri aliyekuwa amekodi forodha ya Sultani, akapanda ngazi hadi akawa yeye mwenyewe mkuu wa forodha na mfadhili wa misafara. Malkia Victoria akampa cheo cha Sir. Sasa jiulize, mtu wa namna hii alikuwa anauza nini? Alikuwa anauza imani. Alikukabidhi marekani, shanga na bunduki, nawe ukaenda bara ambako macho yake hayafiki, na huenda msionane miaka miwili mitatu. Pembe za ndovu zikirudi, anachukua chake na faida juu. Kwa hiyo ujuzi wake mkubwa ulikuwa kumsoma mtu.

Mmoja wa aliowasoma ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyezaliwa Unguja mnamo 1837. Huyu alianza na safari ndogo ndogo za sandarusi. Baadaye akafika Ujiji na kuvuka ziwa kwenda Urua. Katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili anasimulia kwamba wenzake waligombania pembe kubwa, bei ikapanda, yeye akanunua pembe ndogo zilizokuwa rahisi. Mgeni asiye na mtaji mkubwa akaona kile ambacho wenyeji wa biashara walikidharau. Hapo kweli kuna somo kwa kijana anayeanza.

Lakini ndugu zangu, tusiishie kusifu. Fedha ile ilikuwa deni, si ubia. Msafara ukiungua, ukiibiwa au ukiangamizwa na ndui, deni lilibaki pale pale. Ndiyo maana wako wafanyabiashara waliokwama Tabora na Ujiji miaka na miaka, wakiogopa kurudi pwani kukutana na wadai wao. Na chini yao walikuwepo wapagazi waliobeba mizigo mabegani, na chini kabisa watumwa ambao wenyewe walikuwa bidhaa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, baada ya maelfu kupita njia hiyo hiyo. Tajiri alikaa barazani na daftari lake, na hatari ikateremshwa ngazi kwa ngazi hadi kwa yule asiyeulizwa kitu.

Na Waha je? Waha walikuwa na dola zao. Heru ilikuwa upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo, kila moja na Mwami wake. Misafara iliyokata kusini mwa Uha kuelekea Ujiji ililipa hongo. Stanley alipopita 1871 akimtafuta Livingstone alitozwa nguo nyingi sana, na alipoambiwa kuna watawala wengine mbele wanaomsubiri, akaamua kutoroka usiku na msafara wake kimya kimya. Ameandika kwa hasira kama mtu aliyeibiwa. Mimi naona tofauti. Hongo ilikuwa ndiyo njia pekee ya mwenye nchi kupata chochote katika biashara ambayo haikumpa hisa. Ubaya wake ni kwamba nguo huvaliwa zikachakaa. Mtaji ulipita Uha, haukukaa.

Mtaji uliokaa ulikuwa ng'ombe. Uha ilikuwa na utaratibu ulioitwa ubugabire: mwenye mifugo anampa mwingine ng'ombe, anayepewa anapata maziwa na mbolea ya shamba lake, na kwa upande wake anadaiwa utii na kazi. Hapa mtoaji alifungamana na mpokeaji kwa miaka, na mali ilizaa machoni pao wote wawili. Lakini tusidanganyane, haukuwa usawa. Wenye ng'ombe wengi walikuwa Watutsi, na aliyepokea alijua yuko chini ya nani. Ubia wenye bwana ndani yake una bei yake.

Sasa twende Marekani kidogo. Mwaka 1946 Georges Doriot na wenzake walianzisha American Research and Development Corporation. Mwaka 1957 kampuni hiyo ikaweka dola 70,000 kwa vijana wa Digital Equipment Corporation, ikachukua sehemu kubwa ya umiliki, na miaka kumi baadaye sehemu hiyo ilikuwa na thamani ya mamilioni. Jambo jipya halikuwa kumwamini kijana asiye na kitu, maana Taria Topan alishafanya hivyo. Jipya ni kwamba biashara ikifa, mwenye fedha anapoteza na yeye, na kijana haendi kujificha Ujiji.

Turudi nyumbani. Leo kijana wa Kibondo anayetaka kununua maharage au asali ana milango michache: vikoba, ndugu, au ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba, nayo ilisimamishwa 2023 kabla ya kurudishwa 2024. Ni jambo jema. Lakini bado ni deni. Kumbukeni kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta: palikuwa na masoko ya pamoja ambako wenyeji na wakimbizi waliuziana, hadi yalipoanza kufungwa kuelekea 2019. Aliyekuwa amekopa ili auze pale alipoteza wateja kwa uamuzi usio wake, na marejesho hayakufungwa pamoja na soko.

Kwa hiyo kijana unayeingia kazi ya mitaji, kabla hujauliza faida itakuwa asilimia ngapi, uliza hili: mambo yakiharibika, nani atalala njaa? Kama jibu ni mkulima wa Kasulu peke yake, basi ulichobeba mkononi ni daftari la zamani lenye jalada jipya.

Nawaachia mjadala. Wazee wa Heru na Muhambwe mnaojua habari za ubugabire zaidi yangu, karibuni mtufundishe.