Katapila Lilitangulia, Mwanaakiolojia Akafuata

Mwaka 1947 mambo mawili makubwa yalianza Afrika Mashariki. Mjini Nairobi, mwezi Januari, Louis Leakey aliwakusanya wataalamu wa mambo ya kale katika kongamano la kwanza la historia ya kale ya Afrika nzima. Mwaka huohuo serikali ya Uingereza ilianzisha Tanganyika mpango wa karanga, ambao maeneo yake makuu yalikuja kuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Nairobi walijadili jinsi ardhi ya Afrika inavyopaswa kuchimbwa na kusomwa. Kwenye mashamba ya karanga ardhi hiyo ilikwanguliwa kwa makatapila, mengine yakiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa mashine za kung'olea miti.

Tanganyika ilikuwa na sheria ya kuhifadhi majengo na vitu vya kale tangu mwaka 1937, lakini idara ya kuisimamia ilianzishwa mwaka 1957. Kwa hiyo mpango wa karanga ulianza, ukaanguka na kufungwa mwaka 1951 bila serikali kuwa na ofisi ambayo kazi yake ingekuwa kupita Nachingwea kabla ya katapila na kuuliza: hapa waliishi akina nani? Hasara ya fedha inajulikana, takriban pauni milioni 36. Reli iliyojengwa kutoka pwani ya kusini hadi Nachingwea iling'olewa muda mfupi baada ya uhuru. Ila hasara ya vigae, mavi ya chuma na zana za mawe ambazo huenda zilikuwa kwenye udongo ule wa juu haina hesabu, kwa kuwa hakuna aliyepewa kazi ya kuhesabu.

Leakey mwenyewe aliufahamu mkoa wa Lindi, iliko Nachingwea. Mwaka 1924, akiwa kijana mwanafunzi, alifika Tendaguru na William Cutler kutafuta mifupa ya dinosaria kwa niaba ya makumbusho ya Uingereza. Cutler alifariki Lindi mwaka uliofuata. Kabla yao, kati ya 1909 na 1913, Wajerumani Werner Janensch na Edwin Hennig walikuwa wamechimba hapo kwa nguvu za mamia ya wenyeji, na zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi, zikasafirishwa hadi Berlin. Msimamizi mkuu wa wachimbaji, Boheti bin Amrani, anatajwa kwa jina. Wengi wa wenzake hawakubahatika.

Tendaguru ni habari ya visukuku, nayo akiolojia ni habari ya binadamu na alichokiacha, lakini sheria yetu inaviweka vyote chini ya mwavuli mmoja, na funzo lake linahusu fani zote mbili. Uchimbaji ule ulikuwa na viwango. Kila mfupa uliandikwa namba, ukafungwa kwa uangalifu, ukaorodheshwa. Kisichokuwepo ni kiwango chochote kuhusu mwenyeji: afundishwe nini, nakala ya matokeo ibaki wapi, nani aulizwe kabla ya shimo kufunguliwa. Hakuna chama kilichoweza kumwita Janensch na kumwuliza maswali hayo, na wala serikali ya kikoloni haikuwa na haja ya kuyauliza.

Kongamano la Nairobi lilizaa chombo ambacho leo kinajulikana kama Jumuiya ya Wanaakiolojia wa Afrika. Viwango vyake vya mwanzo vilikuwa vya lugha na mpangilio. Wajumbe walikubaliana kugawa historia ya kale ya Afrika kwa vipindi vya mvua nyingi, vikapewa majina ya Kagera, Kamasia, Kanjera na Gamble. Kwa takriban miaka 20 mwanaakiolojia wa Afrika Mashariki aliyeokota shoka la jiwe alitakiwa aseme ni la kipindi kipi kati ya hivyo. Kisha vipimo vya umri wa miamba na mkaa vikaonyesha kwamba mpangilio ule haushiki, na katika miaka ya 1960 wataalamu wakauacha. Hilo halikukipunguzia chombo hicho heshima hata kidogo. Mtaalamu anayefanya kazi peke yake anaweza kulitetea kosa lake hadi kaburini. Chama chenye mikutano, majarida na wapinzani humlazimisha alete ushahidi. Jumuiya hiyo ilifanya kongamano lake Zanzibar mwaka 2022, miaka 75 baada ya Nairobi.

Maadili yalichelewa zaidi. Mwaka 1986, huko Southampton, wanaakiolojia waligawanyika vikali kuhusu kuwaalika wenzao wa Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, na katika mgawanyiko huo likazaliwa Kongamano la Akiolojia la Dunia. Mwaka 1989 likatoa makubaliano ya Vermillion, yanayodai heshima kwa mabaki ya wafu na kwa matakwa ya jamii zao, na mwaka 1990 likapitisha kanuni za maadili kuhusu wajibu wa mtafiti kwa wenyeji. Ndipo yale maswali ambayo Tendaguru haikuulizwa yakaanza kuandikwa kama masharti.

Hatua iliyofuata ilikuwa kumpima mtu binafsi. Uingereza tayari ilikuwa na taasisi ya wanaakiolojia wa uwandani tangu 1982. Marekani ikawa na rejista yao mwaka 1998. Jirani zetu wa kusini wana ASAPA, chama cha wanaakiolojia wa kitaaluma, ambacho humpanga mwanachama anayefanya kazi za tathmini katika ngazi kulingana na elimu na uzoefu wake. Anayeongoza mradi mzima hawekwi kapu moja na anayesimamia shimo.

Kwetu Tanzania mzigo huo umebebwa zaidi na serikali. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979, inamtaka mchimbaji awe na leseni. Tangu 1986 kuna Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) inayoshughulikia vibali vya utafiti. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha akiolojia mwaka 1985, na tangu hapo tumepata wataalamu wetu wenyewe. Sheria ya Mazingira ya 2004 ikaleta tathmini ya athari kwa miradi mikubwa, na mwanaakiolojia akapata nafasi katika timu za tathmini hizo. Ni hatua njema, na waliozipigania wanastahili shukrani.

Lakini leseni humpima mtu kabla hajachimba. Nani anampima baada ya kuchimba? Swali hili lina uzito kwa sababu kuchimba ni kuharibu. Tabaka la udongo likishaondolewa halirudi, na kinachobaki ni maandishi, michoro, picha na vitu vilivyotunzwa. Ripoti ikiwa dhaifu, mahali pale pamekufa mara mbili. Mhasibu ana bodi yake, NBAA, tangu 1972, mhandisi ana bodi ya usajili iliyoundwa kwa sheria ya 1997, na wote wawili wanaweza kufutiwa usajili kwa kazi mbovu. Bunge halijaunda bodi ya namna hiyo kwa mwanaakiolojia.

Ruangwa, mkoani Lindi, ndiko jambo hili linakobana. Wilaya hiyo ina madini ya kinywe yanayotafutwa duniani kwa ajili ya betri, na Nachingwea ina nikeli ya kilima cha Ntaka. Katika miradi ya aina hii, anayegharamia tathmini ni mwenye mradi. Mwanaakiolojia anatembea eneo lote, anachimba mashimo ya majaribio, anaandika kama kuna kitu cha kuokolewa, huku anayemlipa akisubiri kuanza kazi. Sisemi kwamba wataalamu wetu wananunulika. Nasema kwamba mtu mwaminifu pia anahitaji mgongo wa kuegemea, kanuni anayoweza kuionyesha na kusema: chama changu hakiniruhusu kusaini hili.

Yako pia makaburi. Sheria ya mwaka 1969 inaruhusu kuhamisha makaburi kwenye ardhi inayohitajika kwa manufaa ya umma. Kaburi ambalo ndugu wanalijua lina wa kulisemea. Kaburi ambalo hakuna aliye hai anayemkumbuka mwenyewe linahitaji mtaalamu, na linahitaji mtaalamu aliyefundwa kwamba wazee wa kijiji huketi na kusikilizwa kabla jembe halijagusa udongo.

Nachingwea ina tatizo lake la pekee. Sheria yetu inahesabu kifaa au jengo kuwa la kale moja kwa moja ikiwa ni la kabla ya mwaka 1863. Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, vilivyowagusa Wamwera na majirani zao, havimo. Mashamba na reli ya karanga havimo. Farm 17, kambi ambako FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, kilifunza wapiganaji wake katika miaka ya 1960 na 1970, haimo hadi Waziri atangaze hivyo. Kuchimba mahali kama Farm 17 kunadai viwango ambavyo vitabu vya Zama za Mawe havina: namna ya kulinganisha shimo la takataka na simulizi ya mzee aliyekuwepo, namna ya kulinda siri za waliopoteza ndugu, namna ya kushirikiana na Msumbiji. Wazee hao hawatatusubiri.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wanaakiolojia wa Tanzania wenyewe, kabla ya Bunge na Wizara. Jiundieni rejista yenye ngazi, kanuni na baraza la nidhamu, kisha mwiombe serikali iitambue kwa sheria. Wekeni sharti kwamba nakala ya kila ripoti, pamoja na muhtasari wa Kiswahili, ibaki kwenye halmashauri ya wilaya ilikochimbwa, ili mwalimu wa historia wa Ruangwa au Nachingwea aingie ofisini na kuisoma. Na ule mwaka 1863 uondolewe kwenye sheria.