Simu ya upepo, gari la moshi na hiyo "isiyo"

Wadau, juzi niliandika habari ya wafanyabiashara wadogo nikatumia maneno yetu ya magazetini, "sekta isiyo rasmi". Mama mmoja anayeuza mihogo ya kukaanga hapa mtaani Makorora akasomewa na mwanawe. Akaniita. "Mwanangu, ushuru nalipa, watoto nasomesha, leo mie nimekuwa 'siyo'?" Sikuwa na jibu.

Hiyo "isiyo" tumeitafsiri kutoka Kiingereza. Wenzetu wana viambishi vya kukanusha vya kila aina: "un-" wanayo tangu enzi za mababu zao, "in-" na "non-" asili yake Kilatini, na "-less" hubandikwa mwishoni mwa neno. Basi kitu kipya kikija, mara nyingi hukipa jina la kile kilichopungua. Redio waliiita "wireless", isiyo na waya. Motokaa za mwanzo wakaziita magari yasiyo na farasi!

Wazee wetu walitazama kilichopo. "Wireless" hiyohiyo wakaiita simu ya upepo. Na Wajerumani walipoanza kujenga reli hapa Tanga mwaka 1893, chombo kilichopita juu yake kikaitwa gari la moshi (na mwaka 1911 reli ikafika Moshi kweli).

Si kwamba Kiswahili hakijui kukanusha. Tuna "ha-", "si-", "-to-", tuna "bila" ya Kiarabu, na "pasipo" yetu wenyewe, ambayo ukiichambua ni mahali ambapo kitu hakipo. Na kuna majina yanayodai "isiyo". Nchi zisizofungamana na upande wowote, zilizokutana Belgrade mwaka 1961, zingejiitaje? Kutofungamana ndio ulikuwa msimamo wenyewe. Hata "mashirika yasiyo ya kiserikali" ya sheria yetu ya mwaka 2002 sina ugomvi nayo.

Lakini "sekta isiyo rasmi"? Jina hilo la kitaalamu lilipata umaarufu duniani kupitia ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya, mwaka 1972. Ajabu ni kwamba Wakenya wenyewe, kwa mafundi walewale wanaogonga mabati nje siku nzima, wana jina lao: jua kali. Halina "si" hata moja.

Jana jioni nilimpelekea mama habari hiyo, nikidhani nimemaliza kesi. Akageuza mihogo kwenye karai, akacheka.

"Jua kali lipi, mwanangu? Mie nauza usiku."