Kutoka Yambuku mpaka Beni: historia ya Ebola ni yetu



Wengi wetu tunaijua Ebola kama jina la kutisha tu. Leo naomba tuiangalie kama historia, juu kuna mambo matatu ndani yake ambayo mtu aliyesoma hapa Congo asikose kuyajua.

La kwanza ni Yambuku, 1976. Wakati ule tulikuwa Zaire. Homa isiyojulikana ilizuka kwenye misheni ya Yambuku, Équateur. Munganga Jean-Jacques Muyembe alitumwa kutoka Kinshasa, akatoa wagonjwa damu mikono mitupu, bila glavu. Damu ya sista mmoja ikapelekwa Antwerp, Ubelgiji, na huko ng'ambo ndiko kirusi kilitambuliwa, kikapewa jina la mto Ebola. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Wanasayansi wengi wanadhani kirusi kinaishi ndani ya popo. Lakini pale Yambuku, popo hakueneza sana kuliko sindano za hospitali! Sindano 5 tu kwa siku, wagonjwa wengi, bila kuchemshwa. Hospitali ilipofungwa na vijiji vikajitenga, ugonjwa ukazimika.

La pili ni Kikwit, 1995. Dawa hakuna. Muyembe na wenzake wakatia wagonjwa 8 damu ya watu waliopona, 7 wakapona. Wageni wengi hawakusadiki, na kweli watu 8 ni wachache kwa kuhakikisha. Lakini baadaye, kutoka damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit, ilipatikana dawa inayoitwa mAb114. Ilijaribiwa kwetu mashariki pamoja na zingine tatu, na Agosti 2019 ikatangazwa kuwa kati ya mbili zilizoshinda. Waliofika mapema, virusi vingali vichache, karibu 9 kwa 10 walipona.

La tatu ni Beni na Butembo. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018. Safari hii chanjo ilikuwepo, na watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Hata hivyo, mpaka Juni 2020 walikuwa wamekufa watu 2,287. Juu ya nini? Vita, ndiyo. Lakini pia imani ilivunjika. Desemba 2018 uchaguzi wetu ulisogezwa mpaka Machi, Ebola ikiwa moja ya sababu zilizotajwa, wakati nchi nyingine ilipiga kura. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa sekondari. Tulinawa maji ya klore mlangoni, tukaingia darasani; mama zetu walienda sokoni, Jumapili kanisa linajaa. Kumbe mstari wa kura ndio hatari? Siku iliyofuata tangazo, kituo cha wagonjwa kilishambuliwa Beni. Wengi wakaendelea kuficha wagonjwa nyumbani, na dawa inayotaka mtu afike mapema haikuwafikia.

Ndiyo maana nasema historia hii ni kazi yetu. Siku Ebola itarudi, kijijini watakuuliza wewe uliyesoma kama ni siasa ao ni ugonjwa. Usiwacheke. Anza na sindano za Yambuku: kubali kwamba hospitali pia iliwahi kuua. Kiisha waambie juu ya Kikwit, kwamba dawa hiyo ilitoka kwenye damu ya Mukongomani. Mtu akisikia ukweli wote, hata ule unaouma, ndipo anaweza kukubali kumpeleka mtoto wake mapema.