Mfumo wa uendeshaji wa wavuti

Mfumo wa uendeshaji wa wavuti ni mfumo wa kompyuta au simu ambao kazi zake nyingi hufanyika kupitia kivinjari na seva zilizoko mbali, badala ya programu zilizosakinishwa kwenye diski ya mtumiaji. Jina hili hutumika kwa vitu viwili tofauti. Kuna mifumo halisi inayowasha kifaa chenyewe, kama ChromeOS ya Google na KaiOS ya simu za vitufe. Kuna pia "dawati la wavuti", yaani programu inayofanana na skrini ya kompyuta lakini inafunguliwa ndani ya kivinjari, juu ya Windows au Linux. Hii ya pili si mfumo wa uendeshaji kwa maana kamili, ingawa mara nyingi huitwa hivyo.

Historia

Dawati la wavuti lililojulikana sana ni eyeOS, lililoanzishwa Barcelona, Hispania, mwaka 2005. Google ilitangaza ChromeOS Julai 2009, na kompyuta mpakato za kwanza zenye mfumo huo, zinazoitwa Chromebook, zilitengenezwa na Samsung na Acer na kuanza kuuzwa Juni 2011. Mozilla ilileta Firefox OS kwa simu mwaka 2013, lakini ikaachana na simu hizo ndani ya miaka michache. Msimbo wake ulikuwa huria, hivyo wengine waliuendeleza na ukazaa KaiOS. Nchini Tanzania KaiOS ilifika kupitia simu ya Smart Kitochi iliyouzwa na Vodacom kuanzia mwaka 2019.

Faida

Kifaa hakihitaji nguvu nyingi. Chromebook yenye kichakato cha kawaida na diski ndogo huwaka kwa sekunde chache, na KaiOS iliwezesha simu ya bei nafuu kuwa na intaneti ya 4G. Kompyuta ikiibwa au kuungua, nyaraka zilizohifadhiwa kwenye seva hazipotei: mtumiaji huingia kwenye akaunti yake kwa kifaa kingine na kuendelea. Ndiyo maana shule, hasa za Marekani, zilizipenda. Wanafunzi wengi wanaweza kupokezana mashine moja bila kuchanganya kazi zao.

Usalama ni faida kubwa zaidi, japo haionekani kwa macho. Kila inapowashwa, Chromebook hukagua kama mafaili ya mfumo yamebadilishwa. Diski hubeba nakala mbili za mfumo. Moja ikitumika, nyingine hupokea masasisho kimyakimya, na ile ya kwanza ikiharibika, ya pili huchukua nafasi. Virusi vya kawaida vya Windows havifanyi kazi humo.

Hasara

Hasara ya kwanza ni utegemezi wa intaneti. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, zikiwemo Tanzania na Kenya. Aliyekuwa na nyaraka zake kwenye diski aliendelea kuandika. Aliyeziweka zote kwenye seva alisubiri. Programu nyingi sasa zina hali ya kufanya kazi nje ya mtandao, lakini lazima mtumiaji aiwashe mapema, jambo ambalo wengi hulikumbuka mtandao ukishakatika. Bando nalo ni gharama, na bei ndogo ya kifaa huweza kumezwa nalo.

Hata mtandao ukiwa mzima, seva zinaweza kushindwa. Tarehe 14 Desemba 2020 mfumo wa Google wa kuthibitisha watumiaji ulikwama, na huduma zake nyingi, kama Gmail, hazikupatikana kwa takriban dakika 45 duniani kote.

Kisha kuna suala la nani mwenye kauli. Programu iliyosakinishwa huweza kutumika hata mtengenezaji akiisahau, lakini ya wavuti huisha mwenye seva akiamua. Watumiaji wa KaiOS waliliona hili pale WhatsApp ilipoacha kupatikana kwa kupakuliwa upya katikati ya mwaka 2024: simu zilikuwa nzima, ila sababu kuu ya kuzinunua ilikuwa inaondoka. Vivyo hivyo, akaunti ikifungwa, nyaraka zilizomo hufungwa nayo. Mtoa huduma pia hushikilia taarifa nyingi za mtumiaji.

Chromebook nayo ina tarehe ya kuisha kwa masasisho. Mwaka 2023 Google ilitangaza kurefusha muda huo hadi miaka 10, lakini huhesabiwa tangu aina hiyo ya kompyuta ilipotolewa, si tangu siku ya kununuliwa. Anayenunua ya mtumba aiangalie tarehe hiyo kwenye mipangilio kabla ya kulipa.

Programu za Windows haziwezi kusakinishwa moja kwa moja, na uhariri wa video ndefu au michezo mizito huzishinda mashine nyingi za aina hii. ChromeOS ilipunguza pengo hilo kwa kukubali programu za Android kuanzia 2016 na za Linux kuanzia 2018, ingawa kila hatua ya namna hiyo huirudisha karibu na kompyuta ya kawaida.