Mashine Moja, Mifumo Miwili: Historia ya Mlango wa Kuwashia Kompyuta, kutoka Dar es Salaam hadi Kabazana

Historia ya kompyuta katika Afrika Mashariki imezoeleka kuandikwa kama historia ya kuwasili: mwaka zilipofika mashine fulani, mwaka ulipotua mkongo wa baharini, mwaka programu ilipoanza kuzungumza Kiswahili. Makala hii inafuata mkondo mwingine. Inachunguza jinsi kompyuta moja ilivyokuja kubeba mifumo endeshi miwili, kwa kawaida Windows na Linux, na ni nani katika kila kipindi aliyekuwa na uwezo wa kuamua mfumo upi uwake. Swali hilo laweza kuonekana la mafundi tu. Kabazana, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale wilayani Isingiro, ni swali la nani ataendelea na masomo au kazi pale mashine inapokataa kuwaka, kwa kuwa mji mkubwa wa karibu wenye maduka ya vifaa ni Mbarara, na safari ya kupeleka kompyuta huko ina gharama yake.

Nakivale ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda, na leo inakaliwa pia na Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Kiswahili, hasa cha mashariki ya Kongo, ni miongoni mwa lugha zinazowaunganisha. Mwaka 2006 Uganda ilitunga Sheria ya Wakimbizi, iliyotambua haki ya mkimbizi kufanya kazi na kuanzisha biashara. Mwaka huohuo ilitunga Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi, ambayo inalinda programu za kompyuta pamoja na vitabu na muziki. Sadfa hiyo haijapewa uzito unaostahili. Sheria moja inamruhusu mkimbizi kufungua kibanda cha kuchapa barua na kutoa nakala. Nyingine inamwajibisha kwa kila programu anayoitumia bila leseni. Katika mazingira hayo mfumo wa pili, ulio huria na usiohitaji kununuliwa, ni njia halali ya kubaki kazini.

Diski zilizokuja kwa posta

Programu ndogo zinazomuuliza mtumiaji aingie mfumo upi si ngeni. LILO ilitoka mwaka 1992 na GRUB ikafuata mwaka 1995. Hata hivyo, kilichozifikisha mikononi mwa watu wa kawaida ni Ubuntu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Oktoba 2004, pamoja na mpango wake wa kutuma diski bure kwa posta hadi popote duniani. Mpango huo ulidumu hadi mwaka 2011. Umuhimu wake kwa Afrika Mashariki hauonekani mpaka ukumbukwe ukweli mmoja: mkongo wa SEACOM haukuanza kazi hadi Julai 2009. Kabla yake, intaneti ya eneo hili ilitegemea zaidi setilaiti, na kupakua diski nzima ya megabaiti 700 kulikuwa anasa. Bahasha ya posta ilishinda waya.

Diski hiyo ilikuwa na sifa mbili. Iliweza kuendesha mfumo mzima bila kugusa kilichomo ndani ya kompyuta, na iliweza kuuweka mfumo huo kando ya Windows, kila mmoja katika sehemu yake ya diski kuu. Hapo ndipo desturi ya mifumo miwili ilipoanzia kwa wengi, nayo ilikuwa desturi yenye miiba. Windows ilipowekwa upya, mara nyingi kwa sababu ya virusi, ilifuta programu ya GRUB na kujifanya iko peke yake. Linux ilikuwa bado ipo, ila mlango wake umezibwa. Aliyejua angewasha tena kwa diski ileile na kurudisha mlango kwa dakika chache. Asiyejua alidhani kazi yake imepotea.

Tatizo la mafaili lilikuwa gumu zaidi. Kwa miaka mingi Linux iliweza kusoma sehemu ya diski ya Windows iliyopangwa kwa NTFS, lakini kuandika humo kulikuwa hatari. Programu ya NTFS-3G ilipofikia toleo imara mwaka 2007, kizuizi hicho kiliondoka. Kabla ya hapo, waliotaka kufanya kazi katika mifumo yote miwili walitenga sehemu ya tatu ya diski, iliyopangwa kwa FAT32, kama uwanja wa pamoja usio wa upande wowote, huku wakikubali kwamba faili lenye ukubwa wa gigabaiti 4 au zaidi halitaingia humo.

Ni katika muktadha huo ambapo kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inapaswa kusomwa upya. Mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na chuo hicho pamoja na kampuni ya IT+46 ya Sweden kwa ufadhili wa Sida, ulitoa Jambo OpenOffice Desemba 2004. Mradi huu husifiwa kwa istilahi zake, na kwa haki. Hata hivyo, thamani yake kubwa huenda ilikuwa mahali pengine: programu hiyo ya ofisi iliendeshwa kwenye Windows na kwenye Linux vilevile. Mtumiaji aliyehama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine alikuta menyu zilezile, kwa Kiswahili kilekile, na faili lilelile likifunguka. Mwaka huohuo Microsoft nayo ilitangaza mpango wake wa kutafsiri Windows na Office kwa Kiswahili. Timu mbili tofauti zikawa zinaunda msamiati wa kompyuta kwa wakati mmoja, na mwenye mifumo miwili akawa na Kiswahili cha aina mbili kwenye kioo kimoja.

Miradi yote miwili ilianza na kile ambacho mtumiaji hukiona baada ya kuingia ndani. Mlango wenyewe, yaani orodha ya kuchagua mfumo na ujumbe wa hitilafu wakati wa kuwasha, haukuwa sehemu ya kazi hiyo. Hapo ndipo mtu huhitaji lugha yake kuliko mahali pengine popote.

Mfano mdogo wa saa unatosha kuonyesha aina ya mikanganyiko iliyozuka. Linux huhifadhi saa ya ubao mkuu kwa majira ya kimataifa. Windows hudhani saa hiyo ni ya mahali mtumiaji alipo. Uganda iko saa tatu mbele ya majira ya kimataifa. Anayetoka Linux saa tatu asubuhi na kuingia Windows ataambiwa ni saa kumi na mbili asubuhi, hadi mashine ipate intaneti na kujirekebisha. Pasipo intaneti kosa hilo hubaki, na mafaili hupewa saa ambayo bado haijafika au iliyokwisha kupita.

Mlango unapopata kufuli

Mwaka 2009 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha mpango wa vituo vya jamii vya teknolojia, Microsoft ikiwa miongoni mwa washirika, na Nakivale ikapata kituo chake kinachotumia umeme wa jua. Katika kituo cha aina hiyo kila kuwasha upya kuna bei: dakika za mwanafunzi anayesubiri zamu na nguvu ya betri. Kuhama mfumo si jambo la kufanywa mara kwa mara, na mpangaji wa ratiba anayelisahau hilo atashangaa kwa nini mfumo wa pili hautumiki.

Tangu mwaka 2012 mambo yalibadilika kimyakimya. Kompyuta zilizokuja na Windows 8 zilikuwa na ulinzi wa kuwasha unaokubali tu programu zilizotiwa saini. Zilikuwa pia na njia ya kuwaka haraka ambayo, mtumiaji akizima mashine, huiacha Windows kana kwamba imelala. Linux ikiikuta hivyo hukataa kuandika katika sehemu yake ya diski. Mwaka 2021 toleo la 2.06 la GRUB liliacha kutafuta mifumo mingine lenyewe, hivyo Windows yaweza kutoweka kwenye orodha ilhali haijafutwa. Agosti 2024 sasisho la usalama la Windows liliufanya ulinzi huo uzikatae baadhi ya Linux zilizokuwa kando yake, na suluhisho kamili la Microsoft halikupatikana hadi mwaka 2025. Katika kila tukio kati ya hayo mafaili yalikuwa salama. Kilichokwama ni mlango, na fundi asiyeijua historia hii huelekea kufanya jambo moja: kufuta diski yote na kuanza upya.

Utegemezo wa bure wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha 8 kwenda mbele, sharti ambalo kompyuta nyingi zilizotumika haziwezi kulitimiza. Kwa washauri wa sera, swali la mfumo wa pili limerudi, safari hii likiwa na tarehe. Mikataba ya misaada ya kompyuta kwa kawaida hutaja idadi ya mashine, aina ya prosesa na muda wa dhamana. Inahitaji kutaja pia ni nani wa Kabazana atakayekabidhiwa neno la siri la BIOS na ufunguo wa urejeshaji wa diski iliyosimbwa, na karatasi yake itahifadhiwa wapi. Matoleo mapya ya Windows 11 huelekea kusimba diski yenyewe wakati mtu anapofungua akaunti, na ufunguo hubaki katika akaunti hiyo. Mwenye akaunti akihamishiwa kituo kingine au akipata makazi Kanada, ufunguo huondoka naye.