Likizo ya Mlimani

Wiki iliyopita nilikuwa kwa kinyozi hapa Tanga nikingoja zamu yangu. Juu ya benchi palikuwa na jarida la kigeni lililochakaa, lisilo na jalada. Kijana aliyekaa pembeni yangu alilifungua, akanionyesha picha. Helikopta imetua juu ya kilele cheupe kwa theluji. Watu wanne wenye miwani mikubwa wamesimama kando yake, miguuni wamefunga mbao ndefu.

"Mzee," akaniuliza, "hawa wameokolewa au wametekwa?"

Nikamwambia kuwa hao hawakuokolewa wala hawakutekwa. Wako likizo, na tena wamelipa fedha nyingi. Helikopta huwapandisha kileleni, wao huteleza hadi bondeni, kisha helikopta huwafuata na kuwapandisha tena. Kinyozi akasimamisha mkasi hewani. "Kupanda kwa ndege, kushuka kwa kuteleza, halafu kupanda tena! Hawa dawa yao ni Lutindi."

Watu wote wakacheka. Mimi pia nikacheka. Lakini njiani kurudi nyumbani kicheko kile kilinirudia kooni, na sababu yake nitaieleza kabla hatujaagana.

Kwa msomaji wa mbali, Lutindi ni mahali katika milima ya Usambara, juu ya Korogwe, penye hospitali ya wagonjwa wa akili. Kwetu jina hilo limegeuka tusi, kama Mirembe lilivyogeuka tusi kwa watu wa Dodoma na nchi nzima. Leo nataka tuzungumze habari za likizo za mlimani: nani hupandishwa, nani hupandisha, na nani hukumbukwa.

Tuanze na hao wa helikopta. Mchezo wa kuteleza thelujini kwa mbao, yaani skii, ni wa zamani sana katika nchi za baridi, ambako mbao hizo zilikuwa chombo cha safari na uwindaji kabla ya kuwa starehe. Biashara ya kupandishwa kwa helikopta ni ya juzi tu. Aliyeianzisha ni Hans Gmoser, mzaliwa wa Austria aliyehamia Kanada, mwaka 1965, katika milima ya Bugaboo. Mkataji tiketi ya likizo hiyo ananunua theluji ambayo haijakanyagwa na mtu. Ananunua pia hatari, kwa maana theluji ya milima ile huweza kumeguka ghafla na kumfukia mtu mzima mzima. Kwa hiyo kila mmoja huvaa chombo kidogo cha kutoa ishara, ili akifukiwa wenzake wajue pa kuchimba. Si kila nchi iliyoukubali mchezo huu. Ufaransa, kwa sheria yake ya milima ya mwaka 1985, ilipiga marufuku helikopta kuwashusha watu milimani kwa ajili ya starehe.

Utasema, hayo yako mbali na sisi. La hasha. Skii zimekwisha kutelezeshwa hapa hapa Tanzania, kabla babu zetu wengi hawajaona baiskeli.

Kumbuka kwamba habari za theluji ya Kilimanjaro zilipofika Ulaya mara ya kwanza zilichekwa. Mmisionari Johannes Rebmann aliiona tarehe 11 Mei 1848. Kiongozi wa msafara wake, Bwana Kheri, alipoulizwa ile nyeupe ni kitu gani, alijibu kwa neno moja la Kiswahili: baridi. Huko London mtaalamu wa jiografia, Desborough Cooley, alikaa kwenye kiti chake na kukana kabisa kwamba theluji yaweza kuwako karibu na ikweta. Hivyo Bwana Kheri, asiyejua theluji, alikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko mtaalamu aliyeijua.

Miaka arobaini baadaye akaja Mjerumani Hans Meyer, mtu aliyekusudia kufika kileleni. Mwaka 1888 yeye na mwenzake Oscar Baumann walipita katika milima yetu hii ya Usambara. Lakini pwani ilikuwa imewaka moto wa vita vya Abushiri. Wazungu wale wawili walikamatwa, wakafungwa minyororo, wakaachiwa baada ya kutolewa fidia. Meyer hakukata tamaa. Mwaka 1889 alirudi na Ludwig Purtscheller, na mwezi wa Oktoba wakasimama juu ya Kibo. Kilele wakakipa jina la mfalme wa Ujerumani. Jina hilo halipo tena, maana tangu Uhuru tunakiita kilele cha Uhuru.

Vitabu vingi huishia kwa Wazungu hao wawili. Lakini katika kambi ya juu, kwenye baridi kali, alikaa pamoja nao kijana mmoja wa Pangani aitwaye Muini Amani, akiwapikia na kuwatunzia moto. Mtu wa pwani, aliyezoea joto na mnazi! Na huko Marangu alikuwako mzee Yohani Kinyala Lauwo, anayetajwa kuwa alikuwa miongoni mwa viongozi wa safari ile. Huyo alisubiri miaka mia. Ilipofika sherehe ya mwaka 1989 ndipo alipoenziwa mbele ya watu.

Sasa tuje kwenye skii. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902, na Moshi mwaka 1911. Mwenye nafasi aliweza kushuka melini Tanga, akapanda garimoshi, akapita Muheza, Korogwe na Mombo, milima ya Usambara ikiwa kuliani kwake, akashuka chini ya Kilimanjaro. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo wakiwa na skii, na katika kushuka wakateleza nazo. Moja ya barafu za kileleni inaitwa Furtwängler hadi leo.

Mimi, mtoto wa Korogwe, nauliza swali la kishamba: mbao zile zilifikaje juu? Helikopta haikuwapo. Garimoshi liliishia Moshi. Njia ya msafara siku zile ilikuwa moja: mabega ya wapagazi. Hata huku Usambara, kabla barabara hazijachimbwa, bwana mkubwa aliyetaka hewa baridi alibebwa kwa machela, wanaume wakipokezana mlima mzima. Na walikuwapo wengi waliotaka hewa hiyo, kwa kuwa homa ya malaria iliwatesa pwani. Ndiyo sababu Wajerumani waliujenga mji wa Wilhelmstal, ambao leo ni Lushoto. Hiyo machela, ndugu msikilizaji, ndiyo helikopta ya kwanza ya nchi hii. Barafu ina jina la aliyeteleza. Aliyebeba mbao hana hata jiwe moja.

Na sasa tupande Lutindi.

Baada ya Kimweri ya Nyumbai kufariki mwaka 1862, ufalme wa Wakilindi uligawanyika. Semboja, aliyekaa Mazinde kule bondeni kwenye njia ya misafara, alipigana na ndugu zake kwa miaka mingi. Vita vile vililipwa kwa watu. Waliotekwa walishushwa kwa njia ya Pangani, wakauzwa. Wajerumani walipokuja walipiga vita biashara ya watumwa, lakini utumwa wenyewe hawakuufuta mara moja. Sheria iliyoufuta ilitungwa na Waingereza mwaka 1922. Katikati ya hapo walikuwapo watoto waliokombolewa ambao hawakujua kwao ni wapi, wala nani mama yao.

Kwa ajili ya watoto hao Wamisheni wa Kijerumani walijenga makao Lutindi mwaka 1896, mwaka ule ule reli ilipofika Muheza. Walihusiana na Bethel, karibu na mji wa Bielefeld, mahali palipokuwa pakitunza wagonjwa wa kifafa tangu mwaka 1867. Karne ya 20 ilipoanza, watoto walikuwa wamekua, na wagonjwa wa akili wakaanza kupokelewa. Hivyo Lutindi ikawa miongoni mwa hospitali za kwanza kabisa za akili katika Afrika Mashariki. Ya Mathari, Nairobi, ilifuata mwaka 1910, na Mirembe ya Dodoma katika miaka ya 1920. Vita vikuu viwili vimepita, serikali zimebadilika mara mbili, na Lutindi ingali inafanya kazi, chini ya Kanisa la Kilutheri. Wagonjwa wanapopata nguvu hupewa kazi za mikono, na kuna mashamba ya chai.

Hebu weka mambo hayo bega kwa bega. Ni miaka ile ile na milima ile ile. Wenye nafasi walipandishwa juu wapumzike, wakaandika vitabu, wakaacha majina yao. Juu ya Korogwe watoto wa utumwa na watu waliochoka akili walipandishwa nao wapumzike, na sisi tukalifanya jina la mahali pao kuwa tusi.

Niliahidi kueleza kwa nini kicheko kilinikwama. Mwaka 1974 mjomba wangu, ndugu wa tumbo moja na mama yangu, alikuwa karani katika shamba la mkonge karibu na Korogwe. Alianza kusikia sauti. Usiku alitembea juu ya reli akihesabu mataruma. Wazee walimpeleka kwanza kwa waganga, wakazunguka naye hadi Handeni, na mbuzi wawili wakaenda. Mwishowe akapelekwa Lutindi. Mama alituambia watoto, "Mjomba wenu amekwenda mapumziko mlimani." Niliamini, hadi siku watoto wa shule waliponizomea.

Mwezi wa tatu mama alinichukua kwenda kumwona. Tulipanda lori, kisha tukatembea kwa miguu njia ya udongo mwekundu, ukungu ukishuka. Tulimkuta katika mistari ya chai, kikapu mgongoni. Nikamwamkia, "Shikamoo mjomba." Akaitika, akakitua kikapu, akanishika mkono, akanizungusha kwa wenzake mmoja mmoja: "Huyu ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Anasoma darasa la tano." Nilikuwa nikiangalia chini.

Alikaa miezi saba. Alirudi, akaendelea kumeza dawa zake, akalima, akaoa. Miaka ya baadaye mimi nilipata kazi ofisini Dar es Salaam. Siku moja akanitembelea bila taarifa, amevaa koti lake la zamani, ameniletea mahindi mabichi. Wenzangu wakauliza ni nani. Nikajibu, "Mzee mmoja wa kijijini kwetu." Alisikia. Alikunywa chai aliyopewa, akasema basi lake linaondoka saa nane. Mlangoni akaniambia, "Haya bwana, nashukuru." Tangu nizaliwe hakuwahi kuniita bwana.

Alifariki mwaka 1991, kwa maradhi mengine. Mimi ndiye niliyepewa kuandika wasifu wa marehemu uliosomwa kaburini. Niliandika shule aliyosoma, shamba la mkonge, mke na watoto. Ile miezi saba niliiruka. Mama aliusikiliza wasifu mpaka mwisho, hakusema neno.

Theluji ya Kibo inakwisha. Waliopima wanasema asilimia 85 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 ilikuwa imeyeyuka ilipofika mwaka 2007. Ile yenye jina la Furtwängler imepasuka vipande, na UNESCO ilionya mwaka 2022 kwamba barafu za Kilimanjaro huenda zisiwepo ifikapo mwaka 2050. Itakapokwisha, jina la mtelezaji litabaki vitabuni tu. Kule Lutindi watu wanaendelea kupanda wakiwa wamechoka na kushuka wakiwa na nafuu, bila picha na bila jarida.

Sisi tunaojiita waandishi wa habari za kale hulalamika kwamba Wazungu hawakuandika majina ya wapagazi. Ni kweli, na tuendelee kulalamika. Lakini mimi niliyekuwa na kalamu mkononi, na jina nikilijua, niliacha ukurasa wa ndugu yangu mtupu kwa sababu ya aibu.

Basi leo, mbele yenu, naomba kuusahihisha wasifu ule. Usomeke hivi: Mwaka 1974 marehemu aliugua akili. Alipanda Lutindi, akakaa huko miezi saba, akachuma chai, akapata nafuu, akarudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe. Alikuwa mjomba wangu.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.