Gemu za kuvaa uhusika: ipi inastahili muda, chaji na bando lako?

Shule zikifunga, au jioni watu wakishatoka shambani na baharini, kijana mwenye simu janja hakosekani pembeni ya kibanda cha kuchajia, kichwa ameinamisha na vidole vinakimbia. Mara nyingi anacheza mpira au mbio za magari. Lakini wapo wanaocheza gemu za aina nyingine, zenye hadithi ndefu na mhusika mmoja unayemwongoza kwa siku nyingi, pengine kwa miezi. Hizo ndizo gemu za kuvaa uhusika.

Wazee wengi huziona ni upuuzi mtupu, na vijana wengi huzitetea zote kwa pamoja. Ukweli uko katikati. Zipo zinazomfundisha mtu kufikiri na kumpa hadithi ya kukumbuka, na zipo zilizotengenezwa ili kumaliza bando lake na kumchomoa hela kidogo kidogo. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuzitofautisha kabla hujapakua.

Gemu ya kuvaa uhusika ni nini?

Karibu kila aliyekulia kijijini amecheza kibaba-baba na kimama-mama. Mmoja ni baba, mwingine ni mama, mwingine ni mgeni aliyewasili kutoka Mombasa. Wali ni mchanga na sahani ni kifuu. Mchezo huo hauna mshindi. Utamu wake ni kuwa mtu mwingine kwa muda na kuamua mambo: mgeni apokewe vipi, mtoto akiugua apelekwe wapi.

Gemu ya uhusika ni mchezo huohuo, ila simu ndiyo inayoshika kanuni na kufanya hesabu. Unapewa mhusika, labda mvuvi, askari, mganga au mwana wa mfalme. Ana nguvu kiasi fulani, ujuzi kiasi fulani na mkoba wenye vitu vichache. Anasafiri, anakutana na watu, anapigana nao au anapatana nao, na kila anachopitia kinamwongezea uzoefu. Uzoefu ukitosha anapanda daraja, ambalo wachezaji huliita levo.

Michezo hii haikuanzia kwenye kompyuta. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo wa mezani unaoitwa Dungeons & Dragons. Unachezwa kwa karatasi, kalamu, dadu na maneno ya mdomo: mmoja anasimulia, wenzake wanasema wahusika wao wanafanya nini. Mtu wa pwani angeuelewa upesi, kwa sababu unafanana na bibi anayesimulia hadithi usiku huku wajukuu wakimkatiza kila hatua.

Baadaye kompyuta zilichukua kazi ya msimulizi. Mwaka 1986 Wajapani walitoa Dragon Quest, iliyofanya aina hii ipendwe na watu wa kawaida nyumbani. Mwaka 1996 ikaja Pokémon, iliyobuniwa na Satoshi Tajiri, mtu ambaye utotoni alipenda kukusanya wadudu. Leo gemu za namna hii ziko kwa wingi kwenye simu, na ndiyo maana swali la ubora limekuwa la kila kaya.

Mambo manne yanayoifanya gemu istahili

1. Uamuzi wako uwe na matokeo

Tuchukue mfano wa gemu ambayo tunaibuni hapa tu. Mwaka ni 1888, mji ni Pangani. Kampuni ya Wajerumani imepandisha bendera yake, na watu wa Abushiri bin Salim wanajiandaa kupinga. Wewe ni nahodha wa jahazi. Usiku mtu anakuja na barua, anakuomba uivushe. Ukikubali unahatarisha chombo na mabaharia wako. Ukikataa unamvunja moyo mtu ambaye huenda kesho ukamhitaji.

Gemu mbovu itakuuliza swali hilo, kisha hadithi itakwenda palepale kwa jibu lolote. Gemu nzuri itakumbuka. Siku nyingi baadaye, ukitafuta maji na mahali pa kujificha, atakayefungua mlango ni yule uliyemkatalia.

Mfano halisi ni Undertale, iliyotolewa mwaka 2015 na Mmarekani Toby Fox. Ndani yake unaweza kumpiga kila unayekutana naye, au ukamaliza safari nzima bila kumuua yeyote. Wahusika wengine wanakuchukulia kulingana na ulivyowatendea, na mwisho wa hadithi unabadilika. Picha zake ni za kizamani na hazivutii macho, lakini watu wengi bado wanaizungumzia.

2. Kukua kwa mhusika kuwe na maana

Gemu nyingi za bure hukufanya uue panya mia moja ili upate upanga, kisha upanga huo ukusaidie kuua panya mia mbili. Namba zinapanda, wewe unabaki palepale.

Kukua kwa kweli ni kama kwa mwanafunzi wa fundi jahazi. Kwanza anajifunza kushika tezo, kisha kupiga kalafati, kisha kuchagua mti wa mkuku. Kila ujuzi mpya unamfungulia kazi ambayo jana asingeweza kuigusa. Katika gemu nzuri vilevile, levo mpya inakupa njia mpya: kupita kimya badala ya kupigana, kuzungumza na adui, kufungua mlango ulioupita ukiwa mnyonge.

3. Ukishindwa ujue umekosea wapi

Wacheza bao wanalijua hili vizuri. Ubao una mashimo 32 na kete 64, na hakuna dadu. Ukifungwa huwezi kulaumu bahati. Unarudi nyuma kichwani na kuona: pale, kete ile sikupaswa kuitoa.

Gemu ya simu inayofuata njia hiyo ni Shattered Pixel Dungeon, iliyoanza mwaka 2014. Unashuka kwenye mapango ya chini ya ardhi yenye ngazi zaidi ya 20, na kila unapoanza upya mapango yanapangwa upya. Ukifa unarudi mwanzo. Inasikika ni ukatili, lakini mchezaji wa mara ya kumi anafika mbali kuliko wa mara ya kwanza kwa sababu amejifunza. Kwenye simu za Android ni ya bure, haina matangazo na inachezwa bila intaneti.

Jihadhari na gemu ambayo ukishindwa inakuambia jambo moja tu: nunua silaha kali zaidi.

4. Watu ndani yake wawe watu

Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, aliandika Adili na Nduguze. Ndani yake mna safari, majini, na mji ambao watu wake wamegeuka mawe. Hivyo vyote ni vitu ambavyo mtengenezaji wa gemu angevipenda. Lakini kinachomfanya msomaji asiweke kitabu chini ni husuda ya ndugu wawili, na swali la mtu afanye nini anaposalitiwa na damu yake.

Gemu ni vivyo hivyo. Majini na mapanga ni pambo. Kama baada ya saa mbili hukumbuki jina la mhusika hata mmoja, wala huna hamu ya kujua yatakayompata, hapo hakuna hadithi.

Mfano kutoka Afrika

Kwa muda mrefu gemu hizi zilijaa ngome za Ulaya na mapanga ya Japani. Mwaka 2016 kampuni ya Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, chini ya mwanzilishi wake Madiba Olivier, ilitoa Aurion, gemu ya uhusika ya kompyuta. Inamhusu Enzo Kori-Odan, mwana wa mfalme wa nchi ya Zama, anayepinduliwa na shemeji yake siku ya kutawazwa. Yeye na mkewe Erine wanakwenda uhamishoni na kutafuta nguvu inayotoka kwa wahenga.

Aurion inaonyesha kwamba mila na visa vyetu vinatosha kubeba gemu nzima. Ukanda wetu nao una mapango ya Amboni, magofu ya Tongoni, na silikanti, samaki wa kale ambaye wavuvi wa Tanga wamemnasa mara nyingi tangu mwaka 2003 na ambaye hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2009 imepewa jina lake. Malighafi tunayo.

Suala la lugha

Gemu nyingi za uhusika ni za Kiingereza, na zinategemea kusoma kuliko gemu za mpira. Asiyesoma Kiingereza vizuri anaweza kubonyeza tu na kupita, akabaki na mapigano bila hadithi. Wapo wanaotumia nafasi hiyo kujifunza maneno mapya, na si jambo baya, hasa mkicheza wawili na kutafsiriana. Ila ukiona unaruka kila mazungumzo, gemu hiyo haikufai kwa sasa hata ikisifiwa namna gani.

Mitego ya kuangalia

Mtego wa kwanza ni bahati nasibu iliyojificha. Gemu inakuruhusu kucheza bure, lakini mhusika mzuri au silaha kali inapatikana kwa kuchezesha droo. Droo za mwanzo unapewa, zinazofuata unanunua, na hujui utapata nini. Genshin Impact, gemu maarufu ya Kichina ya mwaka 2020, inatumia mfumo huu wa droo. Ina dunia pana na picha za kupendeza, lakini pia inahitaji intaneti muda wote na nafasi kubwa sana kwenye simu.

Mwaka 2018 mamlaka za Ubelgiji ziliamua kwamba masanduku ya bahati ya kulipia katika baadhi ya gemu yalikuwa yanavunja sheria ya kamari ya nchi hiyo. Kwetu Tanzania, Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari. Kwenye kibanda cha kubeti mtoto anaweza kuzuiwa mlangoni. Kwenye simu ya mama yake hakuna wa kumzuia.

Mtego wa pili ni kusubirishwa. Mhusika wako "anachoka" baada ya dakika chache, na unaambiwa usubiri saa kadhaa au ulipe.

Mtego wa tatu ni tuzo za kila siku. Ukikosa siku moja unapoteza ulichokusanya. Unaanza kufungua gemu kwa kuogopa kukosa, hata siku ambayo huna hamu nayo.

Kabla hujapakua, fanya haya

- Soma maandishi madogo chini ya jina la gemu kwenye duka la programu. Yanaeleza kama ina matangazo na kama kuna vitu vya kununua ndani yake.
- Angalia ukubwa wake na ulinganishe na nafasi iliyobaki kwenye simu. Kumbuka kuwa baadhi ya gemu hupakua mzigo wa pili baada ya kufunguliwa.
- Ukishaipakua, zima data na uifungue. Ikikataa kuanza, jua kila utakapocheza bando litatumika.
- Baada ya siku tatu, ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya matumizi ya data, uone imekula kiasi gani.
- Hakikisha inahifadhi ulipofikia kila mara. Umeme ukikatika na chaji ikiisha, hutaki kurudia safari ya wiki nzima.
- Usipakue kutoka kwenye viungo vinavyotumwa kwenye makundi ya WhatsApp vikiahidi "hela za bure" ndani ya gemu. Hiyo ni njia ya kawaida ya kuibiwa akaunti.

Kwa mzazi na mlezi

Kama mtoto anatumia simu yako, weka nywila kwa kila ununuzi kwenye duka la programu, na usimwambie nywila hiyo wala namba ya siri ya pesa za simu.

Kucheza sana wakati wa likizo peke yake si ugonjwa. Shirika la Afya Duniani liliingiza tatizo la uraibu wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, na limeweka dalili zake wazi: mtu anashindwa kujizuia, gemu inatangulia mambo mengine yote, na anaendelea hata akiona inamharibia masomo, kazi au uhusiano. Kwa kawaida hali hiyo huwa imedumu kwa miezi 12 au zaidi. Ukiona dalili hizo, zungumza na mtoa huduma kwenye kituo cha afya.

Lakini kabla ya kufika huko, kaa na mtoto na umuulize maswali matatu. Mhusika wako ni nani? Anatafuta nini? Jana ulimfanyia uamuzi gani? Akikujibu kwa kisa kirefu hadi chai ikapoa, huenda amepata gemu nzuri, na kilichobaki ni kumpangia muda. Akijibu kwamba anasubiri droo ya saa mbili usiku, mna la kuzungumza.